Yai la Kipepeo

Mzee mmoja alikuwa kinyozi, na katika miaka yote aliyoshika mkasi hakuna mteja aliyeinuka kwenye kiti chake bila kubeba habari za mtaa mzima. Watu wakampachika jina la Redio. Alipochoka kusimama na kumwachia duka kijana aliyemfundisha kazi, jina lilimfuata mpaka nyumbani, akawa Babu Redio. Alizungumza na jirani, na muuza mkaa, na hata sufuria ikichelewa kuchemka ilipata maneno yake.

Mjukuu wake wa pekee, binti wa miaka sita, hakuwa na neno hata moja.

Mama wa mtoto, binti wa mzee huyu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na alikuwa akitoka alfajiri. Kwa hiyo babu ndiye aliyemwogesha mtoto, akamvika, akamfunga vifungo na kumlisha kijiko kwa kijiko huku akimsimulia mambo. Mtoto akifurahi, mikono yake ilipigapiga hewani karibu na mabega kama mabawa, na ndiyo maana babu akamwita Kipepeo. Daktari alipowaambia kwamba mtoto ana usonji, mzee alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza, "Sawa, daktari. Kwani hilo linamzuia kuwa mke wangu?"

"Halimzuii, mzee," daktari akajibu akicheka. "Lakini mpelekeni shule."

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye madirisha mapana. Hapakuwa na madawati. Kulikuwa na rafu fupi zinazomfika mtoto kifuani, na juu yake sinia zimepangwa: majagi na mabakuli, sifongo, ubao wenye skrubu na nati zake, vitambaa vya kujifunzia kufunga vifungo. Pembeni palikuwa na kibanda kidogo cha mito, na karibu na dirisha meza ndogo yenye aproni na bakuli la mayai yaliyochemshwa.

"Mwalimu, mbona sioni ubao wa kuandikia?" babu aliuliza kabla hata ya kuvua kofia.

Mwalimu, mwanamke mpole aliyekuwa amekaa sakafuni, aliinuka akamwamkia. "Hawa wanasoma kwa mikono, babu. Wao ndio wanaochagua kazi. Sisi tunawafuata."

"Na asipochagua?"

"Tunamsubiri."

Kipepeo alikuwa ameng'ang'ania shati la babu kwa mikono miwili, hatoki. Mwalimu akaleta kiti, akakiweka ukutani. "Kaa naye mpaka azoee. Ila nina ombi moja, babu yangu. Mikono yako ibaki kwako. Na maneno pia."

"Maneno?" Babu alitoa macho kama mtu aliyeambiwa avue suruali.

Siku za kwanza Kipepeo alizunguka tu. Alipitisha vidole kwenye kingo za rafu, akafika mwisho, akarudi kushika shati la babu, akaanza tena. Mvulana mmoja alimimina maji kutoka jagi hili kwenda lile, na akimaliza anamimina upya. Mwalimu alimtazama kama mtu anayetazama mechi ya fainali. Babu kwenye kiti chake alijikuna, akakohoa, akameza maneno mpaka tumbo likajaa gesi.

"Wanacheza tu," alimlalamikia binti yake jioni. "Mtoto anamimina maji, mwalimu anamtazama! Hata mimi kazi hiyo naiweza."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini, baba?"

"Nilikaa kimya."

Binti akaweka kikombe chini. "Ulikaa kimya? Kutwa? Basi shule hiyo ina dawa, hatumwachishi mtoto."

Siku moja Kipepeo akasimama mbele ya meza ya mayai. Babu alishtuka, maana nyumbani yai likimenywa mtoto hukimbilia chumba cha pili na kuziba pua kwa kola ya gauni. Leo alichukua yai moja, akaliviringisha shavuni, akalitikisa sikioni. Akaligonga mezani. Akaligonga taratibu mno, halikupasuka. Akasikiliza. Akagonga tena, vilevile taratibu, na tena.

Uvumilivu wa babu ukafika ukingoni. Kabla hajajua amesimama, alikuwa ameshafika mezani. "Lete, mke wangu. Hivi!" Kwa mikono ile ya kinyozi akalipasua, akalimenya kufumba na kufumbua, akamrudishia likiwa jeupe, linang'aa.

Kipepeo alilitazama yai. Akatazama mikono yake mitupu. Kisha akapiga ukelele uliofanya yule mvulana aachie jagi, akalivurumisha yai ukutani na kujitupa chini, viganja masikioni.

Mwalimu alikuja bila haraka. Hakumgombeza. Alimwongoza mpaka kwenye kibanda cha mito, akakaa mlangoni pake mpaka kilio kikawa kwikwi na kwikwi zikaisha. Ndipo akamfuata babu, aliyekuwa ameinama anaokota vipande vya yai.

"Nilitaka kumsaidia," babu alisema.

"Najua. Lakini hukumsaidia, ulimmalizia."

"Angechukua mwaka mzima!"

"Na sisi tungekuwepo hapa mwaka mzima. Alikuwa anatafuta njia yake ya kulipasua, babu. Wewe ukamkatiza, ukamwambia mwisho wa kisa."

Maneno hayo yalimwingia. Katika maisha yake hakuna alichokichukia kama mteja anayemkatiza katikati ya kisa na kusema, "Aah, hicho nakijua, mwishowe yule mwizi alikuwa shemeji yake." Siku kama hiyo hata nywele zilikuwa hazinyolewi vizuri. Aliketi kitini, safari hii bila kujikuna.

Asubuhi iliyofuata aliweka viatu vya mtoto sakafuni, akakaa mbele yake. Kipepeo alinyoosha mguu kama alivyozoea, kama bibi harusi anayesubiri kuvishwa. Babu hakugusa kitu. Mtoto akausukuma mguu karibu zaidi, mpaka ukagusa goti la babu. Moyo ulimuuma mzee; alimpenda mtoto huyu kwa mikono yake, na hakujua ampende kwa kitu gani kingine mikono ikikaa bure. Walitazamana, au tuseme babu alimtazama mtoto na mtoto akatazama viatu. Muda wa kutoka ulipita. Mwishowe kidole kimoja kikaingia, kisha kisigino.

Njiani jirani akawaita. "Babu Redio! Mtoto umemvalisha viatu vya kushoto kulia!"

"Amevaa mwenyewe!" babu akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Lakini meza ya mayai Kipepeo aliikwepa. Aliizunguka kwa mbali kama watu wanavyozunguka shimo barabarani, na kila akiikwepa babu alijilaumu upya. Mwalimu hakumvuta, wala hakuiondoa meza. Zikapita wiki. Mtoto akakamua sifongo, akafungua nati na kuzikaza, akamwaga maji na kuyapangusa mwenyewe. Shati la babu sasa alilishika kwa mkono mmoja, na mara nyingine alisahau kulishika kabisa.

Kisha asubuhi moja, bila kuambiwa na mtu, akaenda mezani. Akavaa aproni nyuma mbele. Akachukua yai.

Babu aliikalia mikono yake.

Kipepeo aligonga, akasikiliza. Akagonga kwa nguvu kidogo zaidi. Ganda likatoa ufa, naye akaruka nyuma, akarudi, akaweka sikio karibu. Akaanza kubandua. Kila kipande cha ganda alikidondosha bakulini na kungoja mlio wake kabla ya kutafuta kingine. Nusu ya ute mweupe ilitoka pamoja na ganda, na yai likawa na mashimo kama ukuta wa udongo baada ya mvua. Mara mbili babu alinyanyuka nusu, mara mbili mwalimu akamtupia jicho, mara mbili akakaa.

Alipomaliza, mabawa yakaruka. Kipepeo akavuka chumba na yai lake mpaka kwenye kiti, akamtazama babu, si machoni, bali mdomoni. Akaliweka pale midomo inapokutana na kulisukuma ndani lote.

Babu akatafuna. Yai lilikuwa na joto la viganja vya mtoto na limejaa vipande vya ganda, vikawa vinalia krap, krap. Kipepeo alisikiliza. Taratibu akaegemeza sikio lake kwenye shavu la babu, asikie vizuri, akabaki hapo, na kicheko kikamtoka. Machozi yakamteremka mzee mpaka kwenye ndevu. Mtaa mzima ungeshangaa kumwona: alikuwa na mengi ya kusema na mdomo haukuwa na nafasi.

Mtoto akaenda kuchukua yai la pili. Akalimenya, akalileta. Kisha la tatu.

"Mwalimu," babu alinong'ona huku amevimba mashavu, "niokoe."

"Mimi namfuata mtoto, babu," mwalimu akasema, na kukaa vizuri sakafuni.

Jioni ile binti yake aliporudi kutoka kazini, unga wa mikate ukiwa bado kwenye nyusi, alikuta mayai mawili na bakuli tupu mezani.

"Nani anakula mayai humu?" aliuliza. "Si unajua mwanangu hataki kuyaona?"

"Kaa chini," babu alisema. "Usimsaidie. Utafune tu."

Akakaa, miguu ikimuuma, hajui linalokuja. Kipepeo akapanda kiti cha pembeni na kuanza kugonga. Ilichukua muda mrefu. Chai ikapoa. Mama mtu alifungua mdomo aulize, baba yake akatikisa kichwa, naye akaufunga. Yai likaja, na mashimo yake na maganda yake, likasukumwa mdomoni, na alipoanza kutafuna akahisi kichwa kidogo chenye joto kikiegemea shavuni mwake. Hakuwa amewahi kukaribiwa hivyo na mwanawe bila kuomba. Akapunguza mwendo wa kutafuna, ili yai lisiishe upesi.