Siku Mashine Kubwa Ilipoita Madalali Wake

Wallahi billahi, ninayoandika hapa ni kweli tupu, na kama kuna chembe ya uongo basi nisionje tena maziwa ya ngamia. Hivyo ndivyo nilivyoapa Jumatano ile sokoni Garissa pia, nilipotaka kusimulia kazi yangu ya zamani, ila Abdiqani hakuridhika na maziwa.

"Maziwa utakunywa kwa siri, adeer," alisema, yaani ami kwa Kisomali. "Weka kitu tunachoweza kukifunga kamba."

Abdiqani ni dalali wa ngamia. Kazi yake tangu ujana ni kufungua wanyama midomo na kutazama meno, maana mwenye ngamia atasema ni kijana na meno yatasema ni bibi. Tulikuwa kwenye kibanda cha chai cha Rukiyo, nyuma ya mazizi ya mnada. Jua lilikuwa limewafukuza wanunuzi wote, wamejaa humo ndani wananitazama. Nikaona haya kurudi nyuma.

"Nina kondoo dume nyumbani," nikasema. "Mkinikamata na uongo, mleni."

Rukiyo akaacha kumimina chai. "Yule wa Faduma?"

Ndiyo, yule. Mke wangu alikuwa amemnenepesha kwa pumba na maganda ya tikiti kwa ajili ya Idd, na wakwe wa mwanangu walikuwa wameshaalikwa kutoka Griftu. Mkia wake ulijaa mafuta hadi akitembea unamtangulia kona. Kwa kweli sikuwa na ruhusa ya kumtaja, sembuse kumtoa.

"Kamari ni haramu," Rukiyo alionya.

"Nani amecheza kamari? Hii ni faini," Abdiqani akajibu. "Wazee wakikukuta na kosa, unalipa mnyama. Haya, adeer Alio, sema."

Nikasema. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwendeshaji wa kompyuta kubwa, zile ziitwazo meinfremu, katika idara moja Nairobi nisiyoitaja. Sikusomea. Niliingia kama mlinzi wa mlango, nikawa nasoma vitabu vya mashine badala ya gazeti, mpaka wakanipa kiti. Mashine yenyewe ilizidi lori la maji kwa ukubwa, na chumba chake kilikuwa na baridi kiasi kwamba ukimwaga chai inafika sakafuni ikiwa jiwe.

"Umeshadanganya!" Abdiqani akaruka.

"Hapo natia chumvi tu."

Rukiyo akakata shauri: chumvi inaruhusiwa, mradi chini yake kuna nyama.

"Sasa sikilizeni," nikaendelea. "Mashine ile ikizimwa na kuwashwa, haiamki kama simu yako. Faili zake haziko chini ya mkono mmoja. Chukua soko hili. Kuna bwana soko, yeye hagusi mnyama. Ana orodha ya madalali: huyu wa ngamia, huyu wa ng'ombe, huyu wa mbuzi. Asubuhi anaita kila mmoja kwa jina. Dalali anakuja, anaandaa pahali pake, kisha anampa bwana soko nambari zake: ukitaka zizi lifunguliwe piga hii, ukitaka mnyama aletwe piga hii. Anasema, 'Niko tayari,' na anabaki papo hapo hadi soko lifungwe. Mashine ni vivyo hivyo. Bwana soko ni ule mfumo wa faili wa juu, ambao programu zote huongea nao. Madalali ni mifumo halisi ya faili, inayojua diski zenyewe. Wengine wanakaa ndani kwa bwana soko, wengine wamejengewa banda lao nje ya ua."

"Na orodha inakaa wapi?" Rukiyo akauliza. "Zizini?"

"La! Ikikaa zizini ataisomaje kabla zizi halijafunguliwa? Inakaa pengine kabisa, mfukoni mwake."

"Na dalali asipojibu?" Abdiqani naye akauliza.

"Bwana soko anangoja. Halifunguliwi hata lile zizi mama, ambalo mengine yote yako ndani yake. Hakuna faili inayosomwa. Hata moja."

"Hata moja," Abdiqani akarudia polepole, akipuliza chai yake. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Lakini watu walikuwa wamesogea. Nikawaambia kuhusu mwaka wangu wa mwisho kazini, nilipokuwa Habaswein likizoni kwenye harusi. Simu ikalia. Ni Abdihafid, mwenzangu wa zamu Nairobi. Mashine imewashwa upya, na dalali mkuu, yule wa diski kubwa, amesimama kidogo akaanguka. Skrini inauliza swali moja: jibu R ukiwa tayari kumwanzisha upya, au I kama unampuuza. Idara nzima imesimama na hakuna anayethubutu kugusa kibodi.

"Mtandao wa Habaswein mnaujua," nikasema. "Nikapanda juu ya ngamia. Akiinua shingo namsikia Abdihafid, akiinamisha simu inakatika. Ikabidi bwana harusi ashike tawi la mgunga juu ili ngamia asiiname."

Kicheko. Hata Abdiqani alicheka, hilo nililiona.

"Nikamwambia jibu R. Akajibu, dalali akasimama, akaanguka. Tena R, tena chini."

"Si ungempuuza?" mtu akasema.

"Dalali mkuu? Ukimpuuza yule unauza hewa."

"Basi ukafanyaje, adeer?"

Waliniuliza hivyo kwa hamu, na ukweli haukuwa na ladha yoyote. Nikaona kibanda kizima kinaning'inia mdomoni mwangu.

"Nikakumbuka kwamba dawa nilishaiandika mwenyewe," nikasema. "Iko kwenye faili yangu, ndani ya mashine. Nikamwambia Abdihafid: ifungue, unisomee. Akasoma mstari kwa mstari, nami juu ya ngamia. Tukasahihisha neno moja kwenye ile orodha, akajibu R, na dalali akasema, 'Niko tayari.' Idara ikapiga makofi nikayasikia Habaswein bila simu."

Watu wakashangilia. Abdiqani akaweka kikombe chini.

"Waryaa, adeer. Hebu fungua mdomo."

"Wa nini?"

"Nitazame meno. Hiyo faili yako ilikuwa kwenye zizi la nani?"

"La diski kubwa."

"Dalali wake?"

"Yule mkuu."

"Aliyekuwa chini?"

Nikanywa chai. Kikombe kilikuwa kitupu lakini nikanywa.

"Zizi limefungwa, dalali amelala chini, hakuna faili inayosomwa, hata moja. Ni maneno yako," Abdiqani akasema. "Abdihafid alisoma nini?"

"Nilikuwa na nakala ya karatasi," nikajaribu.

"Umesema ndani ya mashine," Rukiyo akanikata.

"Basi hiyo ni chumvi."

"Chumvi ni makofi ya Habaswein. Hii ni nyama yenyewe, na inanuka."

Alasiri hiyo walikuja kwangu na kamba, Abdiqani mbele na nusu ya soko nyuma. Faduma alikuwa mlangoni. Niliomba nimweleze mwenyewe lakini Abdiqani aliwahi, akamsimulia yote, bwana soko, R na ngamia. Faduma alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Harusi ya Habaswein nilikuwepo," akasema. "Simu yake ilitumbukia kwenye sufuria ya mchuzi siku ya kufika. Alirudi huku bila simu."

Kisha akaenda kumfungua kondoo mwenyewe. "Mchukueni. Mume wangu ndiye atakayechinja, kuchuna na kupika. Na Alio, wageni wa Griftu wakikuta zizi tupu, utawasimulia wewe."

Nilichinja, nikachuna, nikapika. Walikula hadi giza, wakaniachia sufuria za kuosha.

Jumatano iliyofuata nilirudi sokoni, safari hii nikiwa mnunuzi. Abdiqani alinizungusha mazizi yote ya kondoo, akafungua midomo, akamkataa huyu na yule, mpaka akanipatia dume mwenye mkia wa kumtuliza Faduma. Nikamlipa mwenye mali. Abdiqani akabaki amenyoosha mkono.

"Nini tena?"

"Changu cha udalali."

"Baada ya kula mkia mzima wa kondoo wangu?"

"Ule ulikuwa faini, adeer. Hii ni kazi."

Nikalipa.