Mama Mkwe, Nyamaza

Mama mkwe, nyamaza. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, huku nikicheka.

Mama Mkwe lilikuwa jina tulilolipa programu ya kukagua kazi zetu pale ofisini. Haikuhitaji kuuwasha mfumo ili kuuona ubaya wake. Iliyasoma tu tuliyoyaandika, mstari kwa mstari, kama mama mkwe anayeingia jikoni na kujua kitakachoungua kabla sufuria haijabandikwa. Kila palipo na hatari ilipiga wekundu. Nusu ya malalamiko yake yalikuwa ya kweli, nusu ya kutafuta sababu. Ukiona Mama Mkwe amekuchosha, juu ya mstari ule uliandika neno "nyamaza" pamoja na sababu yako, naye akapita bila kukugusa.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa hospitali. Mgonjwa akishapimwa, anatumiwa kwenye simu kiungo cha mtandao chenye namba yake mwishoni. Anakifungua, anasoma majibu yake. Mchana wa kukabidhi kazi, msimamizi wetu akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, Mama Mkwe akapiga wekundu kwenye mstari wangu: namba hii inatoka nje, yeyote akiiandika inamfikisha kwenye majibu ya mgonjwa bila kuulizwa yeye ni nani.

"Hiyo usiinyamazishe," alisema jirani yangu wa meza, ambaye tulimwita Kobe kwa jinsi alivyochapa taratibu. "Usipoziba ufa..."

"Nitajenga ukuta, nimesikia."

Watu wakacheka. Nikaandika nyamaza, na kwenye nafasi ya sababu nikaweka neno moja tu: nitarudi.

Nilikuwa nasema kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikukusudia kudanganya, nilikuwa na haraka tu. Lakini kesho yake ilikuja na kazi zake, na mstari ulionyamazishwa haukumbushi mtu.

Dada yangu alitolewa kizazi kabla hajaolewa. Alijua mumewe, nilijua mimi, basi. Mume mwenyewe ndiye aliyetaka siri ibaki chumbani, maana mama yake alikuwa mtu wa kuwapa majina wajukuu ambao hawajatungwa hata mimba. Na mama yule alimpenda dada, tusimsingizie. Alimwita mwanangu, tena mbele za watu, na walipoanza kunong'ona kuhusu mjukuu aliwaambia wamwache mtoto wa watu apumue.

Siku moja dada alimsindikiza wifi yake kwenye hospitali ileile tuliyoitengenezea mfumo, akaona afadhali naye apimwe vyake palepale. Walikaa foleni moja, namba zao zikafuatana. Jioni wifi akataka kusoma majibu yake kwenye kompyuta ya nyumbani, maana kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Akakinakili kile kiungo kwa vidole, herufi baada ya herufi, akakosea tarakimu ya mwisho. Likajitokeza jina la dada, na chini yake historia yake yote, hata kile kizazi kilichotolewa. Mama mkwe wa dada alikuwa ameketi hapohapo pembeni, anasubiri kusomewa majibu ya binti yake.

Dada alikuja kwangu na begi. Alikaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Nikamuuliza kama mama mkwe wake amemgombeza.

"Angenigombeza ningejua la kujibu," alisema. "Alinyamaza tu. Alinyamaza, mdogo wangu, mpaka nikasikia friji inavyonguruma."

Nikaenda kumletea maji ambayo hakuyaomba. Niliporudi alinitazama kwa yale macho ya tangu utotoni, ya kuamini kwamba mimi ndiye mwenye akili nyumbani.

"Wewe si ndiyo kazi yako, mambo haya ya kompyuta? Hebu niambie, mtu anawezaje kufungua majibu yangu?"

Niliujua mstari, nililijua neno, nilikumbuka hata kicheko.

"Nitaangalia," nikasema.

Ofisini malalamiko ya hospitali yalikuwa yameshafika, na nilimkuta Kobe ameshaufungua ukurasa wenye mstari wangu. Hakunikumbusha methali yake. Alisimama tu, akanipisha kiti. Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili: muulize anayekuja ni nani, kisha mlinganishe na mwenye majibu. Nikalifuta neno langu. Mama Mkwe akapitia tena, safari hii akanyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Msimamizi akawaandikia hospitali kwamba ilitokea hitilafu ya kiufundi, na kwamba nimeishughulikia kwa bidii ya kupigiwa mfano. Akanisomea barua ile kwa furaha, nami nikaona aibu hadi nikashindwa kuinua uso.

Baada ya siku chache shemeji alikuja kumchukua mkewe. Ndoa ilisimama, nashukuru. Pale mlangoni dada alinishika bega.

"Huyu ndiye aliyeliziba lile tundu," alimwambia mumewe kwa fahari. "Nilijua tu mdogo wangu hataniangusha."

Shemeji akanipa mikono yote miwili.

"Dada, kuna jambo nataka kukwambia."

"Jambo gani?" Mumewe alikuwa ameshawasha gari.

"Si la haraka. Nitakuja."

Miaka imepita. Mama mkwe wake humsalimia, hula chakula chake, hamkosei adabu hata kidogo. Ila hamwiti tena mwanangu, humwita mkamwana. Dada hunisimulia hayo akicheka, kama mtu anayebonyeza kidonda aone kama kimepona. Kisha huniuliza, kila tukionana, siku ile mlangoni nilitaka kumwambia nini.

"Nimesahau," humjibu.

"Ukikumbuka, uniambie."