Jiko la Mama Sila

“Ng’ombe ni wangu,” alisema Mzee Matonya, “na kinachotoka kwa ng’ombe ni changu.”

“Ng’ombe ni wako,” mkewe, Mama Sila, alimjibu. “Kikishadondoka ni changu. Tembe hii nimeikandika kwa samadi hiyo tangu uliponileta hapa. Siku gani uliinama kuniokotea?”

Wanawake waliosimama mlangoni mwa zizi waliguna. Nilikuwa katikati yao, mimi msimamizi wa mradi, na viatu vyangu vya ofisini, nikitazama tangi la kukorogea lililokauka kama mdomo wa mwenye saumu.

Mtambo wa gesi ya samadi ulikuwa umekamilika, wa kwanza katika kijiji kile cha wilaya ya Kongwa. Kuba la matofali lilikuwa limefukiwa ardhini, na bomba limetambaa juu ya ukuta hadi kwenye taa, sebuleni kwa mzee. Kilichokosekana ni samadi iliyokorogwa na maji, na kazi ya samadi kwa Wagogo ni ya wanawake. Wanawake walikuwa wamegoma. Wafadhili walikuwa njiani. Wakikuta mtambo mkavu, mingine wangeipeleka wilaya nyingine. Miaka ile Serikali ilikuwa imejitoa katika mengi, na mfadhili alikuwa kama mvua ya kwetu: akikupita, hujui atarudi lini.

“Mama Sila,” nilisema, “koroga leo, tuzungumze kesho.”

“Kesho ya nani, Mama Aneth? Wakoroge wanakamati. Mikono wanayo.”

“Mwanaume akoroge mavi?” aliuliza Mzee Matonya, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtambo.

“Mwanaume anataka taa ya mavi.”

Wanawake wakacheka hadi ng’ombe mmoja akageuka.

“Kwani ninyi mlitaka nini?” niliuliza.

Kicheko kilikatika. Mama Sila alinitazama kwa macho mekundu, kope zake zimeliwa na moshi. “Umechelewa kuuliza. Tulitaka jiko.”

Niliukumbuka mkutano wa kwanza. Wanaume kwenye viti, wanawake nyuma, chini, watoto mgongoni. Niliwaonyesha mchoro, nikauliza, “Mmeelewa?” Wakaitikia, nami nikafunga mkutano kabla jua halijawa kali. Mimi mwenye stashahada ya mifugo, mimi ninayemkaripia Aneth wangu akisema “ndiyo, mama” kabla hajasikiliza. Kamati ilitaka taa, nikaipa taa. Mwenye ng’ombe ndiye mwenye sauti, na kubishana naye kungechelewesha saruji. Jikoni kwa Mama Sila sikuwahi kukanyaga.

Sasa niliingia. Dari la tembe lilikuwa chini, na moshi ulikuwa umejaa humo kama mwenye nyumba. Niliona ncha za kuni zikiwaka, kisha sikuona kitu. Nilitoka nikikohoa, machozi yakinitiririka, na hakuna aliyenicheka.

“Zablon,” nilimwambia fundi, “nipe spana.”

“Nyumba ni yangu,” alisema Mzee Matonya.

“Ni yako, mzee. Bomba bado ni la mradi.”

“Na wageni wangu nitawakalisha gizani?”

“Wageni hawali taa,” alisema mkewe.

Mzee alichukua kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa zizi. Hakutuzuia; hakututazama pia. Niliifungua taa kwa mikono yangu, Zablon akalishusha bomba ukutani na kulivuta hadi mlangoni mwa jiko.

“Si hapo,” alisema Mama Sila. “Hapo paa linavuja. Pitisha huku.”

Zablon alinigeukia.

“Mimi unanitazamia nini?” nilimwambia. “Si umeambiwa pa kupitisha?”

Mama Sila alikaza khanga kiunoni. Alimimina karai la kwanza la samadi katika tangi, akainama na kuzamisha mikono hadi viwiko.

“Maji,” alisema bila kugeuka.

Nilivua viatu, nikachukua ndoo.