Manka wa Barafu

Ronald alimchora mungu wangu wa kike akiwa amevaa vipande vitatu vya chuma, ambavyo hata ukiviunganisha vyote havitoshi kufunika sufuria ya wali. Tumbo wazi, mapaja wazi, upanga mkononi, na nyuma yake theluji inaanguka.

"Huyu ndiye Manka wa Barafu?" nikamuuliza. "Mlinzi wa lango la mlima? Kwa baridi ile?"

"Mungu wa kike lazima avutie, Kindness," akasema, akipuliza vumbi la penseli.

"Amvutie nani? Kule juu hakuna mtu."

Nikamgeukia Martin anitetee. Martin ni mpagazi, anawabebea watalii mizigo mpaka Kibo, na nimemwona akiondoka amevaa masweta yote aliyonayo na bado anarudi anakohoa. Lakini Martin alikuwa ameiinamia picha utadhani anatafuta sindano.

Tulikuwa Majengo, kwenye chumba alichopanga Ronald, tunakochezea mchezo wetu. Ni mchezo wa kujifanya. Mmoja anakuwa msimulizi, anaumba dunia nzima kwa mdomo. Wengine wanaishi humo, kila mmoja kama mtu aliyembuni mwenyewe, na pale maneno yanaposhindwa kuamua, dadu inaamua. Martin ni mchawi mzee. Ronald ni Dhoruba, shujaa mwenye shoka ambaye amemlea na kumwongezea nguvu mpaka amekuwa kero. Msimulizi ni mimi. Kiti cha msimulizi ndicho kiti pekee Moshi nzima ambacho nikikikalia na kufungua mdomo, wanaume wananyamaza. Nyumbani sina kiti kama hicho, kazini sina. Nakipenda kuliko ninavyoweza kusema.

"Unajua tatizo lako?" Ronald akasema. "Huyu Manka hana nguvu zozote, ni wewe tu unayembeba. Jumamosi tunafika langoni kwake. Tukimshinda, kiti cha msimulizi nakikalia mimi, na Manka anabaki nilivyomchora."

Mtu mwenye akili angecheka akaondoka. Mimi hasira zangu zipo karibu. "Sawa," nikasema. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka nguvu za Dhoruba.

Jumamosi mwenye nyumba wa Ronald alikuwa anapaka rangi, kwa hiyo tukapanda Marangu kwa bibi yangu, Bibi Elisifa. Tukamwamkia shikamoo, tukashibishwa mtori wa ndizi, kisha tukajipanga barazani. Bibi akakaa pembeni na ungo wake wa maharage. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, bado yuko na sweta lake la mtumba, kanga mbili na gambuti miguuni. Panga alikuwa ameliweka chini ya kiti.

Akaiona picha.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Ni mungu wa kike, Bibi," Martin akajibu, nami nikampiga teke chini ya meza. Bibi ni mzee wa usharika.

"Mungu?"

"Malkia, Bibi," nikasema haraka. "Ni hadithi tu. Malkia wa mlimani."

"Mae! Malkia mzima hana hata sweta?" Akaisogeza picha mbali kidogo aione vizuri. "Na panga ndiyo analishika hivi? Atajikata goti." Akarudi kwenye maharage yake.

Tukaanza. Ronald hakupoteza muda. Dhoruba alilipiga teke lango la Manka likavunjika. Dadu yetu ina nyuso ishirini, na siku hiyo kila Ronald alipoitupa ilimpa namba kubwa, kana kwamba wamekula kiapo. Manka akapoteza ngao. Akapoteza upanga. Akapiga goti. Ronald akaniambia nijiandae kumpisha, nami nilikuwa nakiona kiti changu kinaondoka.

"Ngoja kwanza," Bibi akasema. "Huyo kijana ameingia kwa watu bila hodi?"

"Vitani hakuna hodi, Bibi," Ronald akasema kwa heshima zote.

"Hata kama. Na mwenye nyumba amenyamaza tu? Hajamwuliza kitu?"

Nikamtazama Bibi, nikaitazama picha. Muda wote ule nilikuwa nampiganisha Manka wa Ronald, yule wa vipande vitatu, na yule hakuwa na la kusema. Nikakaa sawa kitini.

"Manka anainuka," nikasema. "Hashiki silaha. Anamtazama Dhoruba kuanzia miguuni mpaka kichwani. Anamwuliza: wewe ni mtoto wa nani?"

Ronald akachukua dadu.

"Weka chini. Hilo halitupiwi dadu. Umeulizwa swali."

"Dhoruba hana... Aah, bana. Yeye ni shujaa tu. Alitokea."

"Alitokea wapi?" Bibi akauliza. "Kila mtu ana mama."

Martin akaanza kuchekea kikombeni. Shujaa ana shoka la moto, ana farasi, ana makovu yenye majina, na katika muda wote huo Ronald hakukumbuka kumpa mama.

"Manka anasema," nikaendelea, "umevunja lango la watu. Kama una kwenu, unajua cha kuleta."

Hapo Ronald hakuhitaji maelezo. Yeyote mwenye asili ya mlimani anaijua sale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake, na aliyepelekewa hana ujanja, lazima asamehe.

"Haya, Dhoruba analeta sale," Ronald akasema, amekereka.

"Kwa mdomo?" nikamuuliza.

Ronald anapenda kuonekana. Akasimama, akapotelea migombani, na aliporudi alikuwa amekumbatia mche mzima na mizizi yake, udongo unadondokea viatu vyake vyeupe.

Bibi akaweka ungo chini.

"Umeung'oa wapi?"

"Kule mwisho wa migomba, Bibi. Ipo mingi, imejipanga."

"Imejipanga," Bibi akarudia.

Ilikuwa imejipanga kwa sababu ndiyo mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na cha jirani, Mzee Eliufoo, mpaka ambao yeye na Bibi wameugombania tangu mama yangu akiwa mdogo, ukaja kuamuliwa juzijuzi tu mbele ya mchungaji. Kijana alikwenda kutafuta msamaha akarudi na mpaka wa watu mikononi. Kabla hajauliza amekosea nini, sauti ikatoka migombani: "Elisifaaa! Nani kang'oa sale?"

Bibi akasimama. Akakaza kanga kiunoni, akachukua panga, akamnyang'anya Ronald ule mche. Akashuka ngazi, gambuti zikilia pwata pwata, nasi tukamfuata, wale mashujaa wawili wakiwa wamejificha nyuma yangu.

Mzee Eliufoo alikuwa amesimama kwenye shimo la ule mche na bakora yake, ameshavuta pumzi ya hotuba. Ilionekana kabisa ni hotuba aliyoitunza kwa muda mrefu. Bibi hakumpa nafasi. Alikata jani moja, akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Baba Stella, kijana wangu ni mjinga wa mjini. Nakuomba."

Mzee akalitazama jani. Hotuba yote ile ikabidi aimeze, na ilishuka kwa shida. "Haya," akasema, akalipokea.

Bibi akachimba kwa panga, akaurudisha mche mahali pake.

"Ungesogeza kidogo huko kwako," mzee akajaribu.

"Baba Stella."

Hakuongeza neno. Mzee akarudi nyuma, akasema hapo hapo panafaa.

"Oya," Martin akaninong'oneza, "huyo ndiye Manka."

Tukarudi barazani. Ronald akakaa, akachukua dadu. Hesabu yake niliijua: Manka alikuwa amebakiza nguvu kidogo sana, pigo moja lingetosha, na kiti kingekuwa chake kihalali. Nilijikuta nimekikamata kiti pande zote mbili.

Akaiweka dadu mezani. Akatoa mfukoni jani moja la sale, limekunjamana, akalinyoosha kwa mikono miwili. Hakumpa Manka. Alinipa mimi.

Na mimi nilikuwa na hotuba! Nilikuwa naitunga tangu Majengo, ndefu, yenye matusi machache mazuri. Ikabidi niimeze kama Mzee Eliufoo, maana jani ni jani. Nikalipokea.

"Manka anauliza tena," nikasema. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Ronald akaisukuma dadu pembeni. Mama yake anauza ndizi sokoni Kwa Sadala. Amemlea peke yake, kwa mikungu aliyoibeba kichwani, na hata siku moja Ronald hakuwahi kumtaja kwenye meza yetu.

"Mimi ni mtoto wa Bernadetha," Dhoruba akasema. "Wa Kwa Sadala."

"Bernadetha namfahamu," Manka akajibu kwa mdomo wangu. "Kwake hata mimi nisingethubutu kuvunja lango. Pita, mwanangu."

Ronald akajifuta uso kwa mkono wa shati, akadai ni vumbi la maharage. Kisha akaigeuza ile picha, akaanza kuchora upya upande wa nyuma, akianzia na gambuti.

"Na sweta," Bibi akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Usije ukamsahaulia sweta."