Malkia Aliyeacha Kutaga

Mkewe alipokwenda ng'ambo kuuguza wazee, alimwachia fundi cherehani mzinga wa nyuki uliokuwa nyuma ya nyumba. Fundi alijua vitambaa. Nyuki wenyewe alikuwa akiwatazama kupitia dirisha tu, mkewe akiwahudumia ndani ya ovaroli nyeupe, wavu usoni.

Mwaka wa pili nyuki wakajaa mpaka wakaning'inia mlangoni kama ndevu. Mkewe akamwambia kwa simu awagawe kabla hawajahama. Akagawa. Akamhamishia malkia mzinga mpya, pamoja na fremu tatu za masega, hatua kumi kutoka ule wa zamani.

Siku ya kumi akafungua. Malkia yupo, anatembeatembea juu ya masega makavu. Yai hakuna hata moja.

Akampigia mkewe saa yake ya mapumziko.

"Malkia wako amegoma."

"Amegoma, au umemgomesha? Ana nyuki wangapi?"

"Konzi moja. Mbili, nikiwapendelea."

"Basi wakubwa wamerudi kwao. Nyuki akishatoka nje hurudi alikozoea. Waliobaki hawatoshi hata kumlisha. Malkia hatagi kwenye nyumba ya njaa, baba watoto. Mkono mtupu haulambwi."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Awape maji ya sukari. Aupunguze mlango kwa kipande cha ubao. Kisha achukue kwenye mzinga wa zamani fremu moja yenye majana, watoto wa nyuki, waliokwisha kufunikwa na kukaribia kutoka.

"Ichukue na nyuki walio juu yake. Hao ni wachanga, hawajajua kurudi popote. Ila angalia isiwe na nyumba ya malkia mpya, ile inayoning'inia kama karanga."

Fundi akavaa ovaroli ya mkewe. Ilimwishia chini kidogo ya magoti. Watu walimletea suruali kila siku azirefushe, lakini hiyo hakuwahi kuigusa kwa mkasi. Shingoni bado ilinukia moshi na sabuni yake.

Alifanya yote. Akaumwa mara nne, akajaza maji ya sukari kila yalipokauka, na kwa siku nane hakufungua, ingawa mikono ilimwasha.

Siku ya tisa akavaa miwani yake ya kushonea, akainua fremu kuelekea jua. Ndani ya vitundu vya sega, kimoja kimoja, vilikuwapo vitu vyeupe vyembamba kama ncha za uzi. Akapiga simu palepale.

"Mayai yamesimama au yamelala?" mkewe akauliza.

"Yamesimama."

"Basi ni ya leo hayo." Akacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu mvua za kwanza. Kisha akasema, "Wananitaka niongeze mwaka."

"Ukawajibuje?"

"Nikasema nitamuuliza mume wangu."

Fundi akairudisha fremu polepole, asimbane malkia.

"Mumeo anasema urudi."

Upande wa pili kengele ikalia; mzee mmoja alikuwa anaita.

"Nitamaliza huu nilionao," mkewe akasema. "Miezi saba."

"Ni mingi."

"Ni mingi," akakubali. "Nakuja, mzee wangu, nakuja," akasema, na fundi akajua hayo hakuambiwa yeye.

Simu ikakatika. Akafunika mzinga, akachuchumaa kando yake, nyuki wakimpita masikioni kwenda kutafuta maua.