Kichefuchefu cha Mwanamkasi Kilivyohamia Muheza

Jumanne, katika hospitali moja ya Tanga, muuguzi Bertha alimfundisha Mwanamkasi kupumua. Alimkalisha wima, akamwekea mkono tumboni.

"Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa kwa mdomo polepole, kama unapoza uji, hesabu sita. Dawa za saratani zikikuchafua moyo, fanya hivyo."

Mwanamkasi alirudi kwa mama yake Tongoni, akaketi barazani, akavuta. Alipokuwa akitoa alimkumbuka Tahiri, aliyekuwa mumewe. Kichefuchefu kilimtoka, hakikurudi. Saa hiyohiyo, kwenye stendi ya Muheza, Tahiri alitapikia tenga lake la machungwa.

Tahiri ndiye aliyemzuia miezi minane asiende kupimwa uvimbe wa titi. Mkewe, alisema, hashikwi na daktari mwanamume. Titi lilipokatwa, alimtumia talaka kwa simu, akamwoa Sabra.

Basi Mwanamkasi akawa anapumua kila siku, baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Alitoa uchovu, Tahiri akashindwa kunyanyua debe la maji. Alitoa vidonda vya mdomo. Tahiri akawa analia akinywa chai. Nywele za Mwanamkasi zilianza kuota, za Tahiri zikabaki kwenye mto. Daktari aliyempima Tahiri alikuta dawa za saratani kwenye damu yake, akamwandikia tarehe ya dozi inayofuata ili ajiandae.

Wiki ya sita, habari za pumzi hizo zilipomfikia, Tahiri alifika Tongoni na mjomba wake, Mzee Masoud. Tahiri alivaa kofia mbili.

"Mwanamkasi, geuka basi, upumulie upande wa bahari."

"Nimeambiwa nikae ninavyoona raha."

"Nimekukosea nini?"

"Miezi minane."

"Nililinda heshima yako."

Mzee Masoud alisema pumzi ni ya Mungu, hakuna wa kumkataza mtu. Akamaliza kahawa yake, wakaaga. Mwanamkasi aliwangoja wafike barabarani, ndipo akavuta. Kabla ya Pongwe gari lilisimamishwa mara tatu kwa ajili ya Tahiri. Mwanamkasi alikula wali na samaki, sahani mbili, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe alilala bila kugeukageuka.

Alhamisi alikuja Sabra, peke yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Alitaka kujua mtu mwenye vidonda vya mdomo hupikiwa nini.

"Uji. Utie ndimu nyingi."

"Si itamchoma?"

"Itamchoma."

Sabra aliitikia kwa kichwa. Kisha aliushika mkono wa Mwanamkasi, akaupeleka chini ya kwapa lake la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu, kama kokwa ya tende.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Tahiri anajua?"

"Anajua. Hataki niende."

"Hata na hali aliyonayo?"

"Maneno mengine yanamshinda siku hizi, dada. Hilo analitamka vizuri."

Mwanamkasi aliingia ndani kuchukua baibui ampeleke kwa Bertha. Alipotoka, mama yake alikuwa peke yake barazani. Sabra ameondoka, alisema mama. Hana ruhusa ya kuchelewa.