Hongo ya Njiani

Simu ya Mektilda ilikuwa bado juu ya ndoo ya asali, pale pale alipoiacha juzi. Gaudensia aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akairudisha taratibu kama yai.

Miaka kumi na mmoja waliuza asali pamoja karibu na stesheni ya Tabora, wala hawakuwahi kugombania hata kifuniko cha chupa. Ugomvi uliingia na namba ya malipo. Wateja walilipa kwa simu, na simu aliishika Mektilda. Lakini kila walipogawana, fedha ilipungua. Mia mbili leo, mia tano kesho.

"Dada, mbona asali yetu inavujia mikononi mwako tu?" Gaudensia alisema hatimaye, mbele ya wateja.

Mektilda aliweka simu juu ya ndoo, akajifunga kanga, akaondoka. Tangu hapo sala ya Baba Yetu ilimkwama Gaudensia kooni, pale penye kusamehe.

Jioni alikwenda darasa la watu wazima parokiani, uchovu umemwingia hadi mifupani. Mwalimu Silasi alikuwa akieleza habari za misafara ya pembe za ndovu.

"Zamani hongo haikuwa rushwa," alisema. "Ilikuwa ada ya kupita. Kila mtemi uliyekatiza nchi yake ulimwachia kitambaa au shanga. Mzigo ulifika pungufu, na mpagazi aliyeubeba hakuiba."

"Kumbe wapagazi walitukanwa bure!" mzee mmoja akadakia. Darasa likacheka. Gaudensia hakucheka.

Nyumbani aliifungua simu ya Mektilda, aliyoichukua kutoka juu ya ndoo. Mwaka mzima wa kujifunza herufi, na hakuwahi kusoma ujumbe hata mmoja. Kidole kilitambaa: U-me-po-ke-a elfu ishirini. Ma-ka-to, mia mbili. Akasoma wa pili. Akasoma wa kumi. Kila ujumbe ulikuwa na mtemi wake. Siku ya kusajili namba ile hakuna aliyewaambia kwamba njia ina wenyewe, na wenyewe wana ada yao.

Kulipokucha alimkuta Mektilda uani kwake, mtaa wa Kitete, akichuja asali.

"Hodi, dada."

"Karibu. Leo unataka kupima ndoo ipi?"

"Sikuja kupima. Nimekuja kukusomea."

Akasoma amesimama, akikwamakwama kama mtoto wa chekechea, jasho likimtoka. Mektilda, ambaye maisha yake yote alijua tarakimu tu, hakugeuka. Asali ilishuka kutoka kwenye kitambaa, uzi mmoja mwembamba, hadi ukakatika.

"Soma tena," alisema. "Hapo penye makato."